Matone ya Iskren

Kosharnik, 4 Septemba 2022

Binti yangu Zornitsa,

Pokea salamu za mwanamume mzuri kuliko wote katika bonde hili, cheo ambacho sijanyang'anywa ingawa wapo wanaokinyemelea. Hujambo huko Valladolid? Mgongo unasemaje kwa kusimama kutwa kwenye duka la dawa? Unakula, au bado unakunywa kahawa na kuiita chakula? Mimi ni mzima. Mbuzi ni mzima. Pilipili zimekubali mwaka huu, nimechoma gunia zima uani, moshi ukawafukuza majirani, wakarudi wenyewe walipoona chupa ya pombe ya rakiya.

Unaniambia nipige simu. Mwanangu, tukipigiana simu wewe unapayuka, mimi napayuka, na anayetuelewa ni jirani peke yake. Lifti ya mgodi na kengele za sherehe ya Surva zimekula masikio yangu. Barua naisikia vizuri. Basi andika.

Sasa habari za ugonjwa, maana najua umeruka mistari yote hiyo kuzitafuta. Nimechomwa sindano nyingine. Daktari Mincheva anasema damu imetulia, ile saratani ya tezi dume imelala. Na mimi nimelala nayo. Sindano ile, Zorno, inazima uanaume kama mtu anavyozima taa ya chooni. Moto unanipanda usoni katikati ya mazungumzo, jasho chapa chapa, na nimeota matiti. Nikipita mbele ya kioo namwamkia marehemu bibi yako. Nacheka, usidhani sicheki.

Ila kuna jambo moja halinichekeshi. Juzi nilishusha kengele kutoka darini nizipake mafuta. Unazijua, zile za babu yangu. Mkanda mzima ukiufunga kiunoni ni kama umembeba mtu. Mimi, niliyeinua chuma kule Varna mpaka mwamuzi akavua miwani akaifuta akaivaa tena, nilijifunga kengele hizo nikiwa nimekaa kwenye benchi, nikataka kuinuka, na sikuinuka. Nilikaa pale kama gunia la viazi mpaka nilipofungua mkanda.

Siku ya Surva ni Januari, na mwenye kengele nzito ndiye anayetangulia kufukuza mabaya ya mwaka. Nimetangulia mimi tangu hujazaliwa, na nyuma yangu hufuata mwanamume aliyevalishwa kama bibi harusi ili watu wacheke. Blagoy, mkuu wa kundi letu, alipita, akaziangalia kengele, akaniangalia mimi, akasema, "Lampi, mwaka huu vaa gauni la bibi harusi. Kifua tayari unacho."

Nilimcheka mpaka akaondoka. Baada ya hapo sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Wewe ndiye mtaalamu wa dawa. Niambie kuna kitu gani mtu anaweza kutumia akarudisha nyama mwilini. Kidogo tu, mpaka Januari.

Ni mimi baba yako,
Haralampi


Valladolid, 19 Septemba 2022

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta salama, mgongo unauma kiasi cha kunikumbusha kuwa ninao, na nakula, hata leo nimekula dengu. Nimefurahi kusikia damu imetulia. Nilisoma habari ya kioo nikacheka kwa sauti mbele ya wateja, kisha nikaenda stoo nikakaa kidogo.

Kuhusu ulichoniuliza, jibu ni hapana. Najua mlichokuwa mkipewa kwenye kambi ya kuinua vyuma enzi zako, vile vidonge vya rangi ya waridi alivyowagawia kocha kwa kijiko kama peremende. Zile zilikuwa steroidi, homoni ya kiume iliyotengenezwa kwa mikono ya watu. Ugonjwa wako chakula chake ni homoni hiyo hiyo, na kazi ya sindano ni kuunyima chakula. Kwa hiyo usiguse steroidi, Baba. Wala ya kidonge, wala ya sindano, wala ya mtu anayesema ni nyepesi.

Tembea, kula mayai, inua ndoo za maji. Na kama ni gauni, vaa gauni. Mimi ningependa sana kukuona umelivaa.

Wasalimie wote, hasa mbuzi.

Binti yako,
Zornitsa


Kosharnik, 30 Oktoba 2022

Zorno wangu,

Salamu tele, na habari za afya yako kwanza. Theluji huko bado? Koti la marehemu mama yako unalivaa, au unalionea haya mbele ya Wahispania? Huku tuko salama, kabichi imeshaingia kwenye pipa, na baba yako ni mzima kuliko kabichi.

Nimekusikia. Umesema nisiguse steroidi, na sijagusa. Ninapotoa neno langu ni neno, muulize mtu yeyote aliyewahi kunywa nami. Lakini ulimwengu hauna steroidi peke yake, mwanangu. Una mambo mapya, na baba yako ametembea, hakai na wazee kulalamikia bei ya kuni. Nimepata njia. Nimeuliza mara moja, nimeuliza mara mbili, nikamshika mtu shati nikauliza mara ya tatu: je, hii ni steroidi? Si steroidi. Basi tulia.

Wiki iliyopita nilikwenda kupima damu. Daktari Mincheva alisoma karatasi akatabasamu, na huyo mama hatabasamu ovyo, uso wake ni wa siku ya malipo iliyopita bila malipo. Amesema niendelee hivyo hivyo.

Nimepanda ngazi za kanisa bila kupumzika. Padri alidhani nimekuja kuungama, nikamwambia nimekuja kwa ajili ya ngazi.

Baba yako,
Haralampi


Valladolid, 14 Novemba 2022

Baba,

Shikamoo, na pole na baridi. Mimi sijambo. Koti nalivaa.

Nimefurahi kwa ajili ya ngazi na kwa ajili ya Daktari Mincheva. Lakini njia gani, Baba? Nani uliyemshika shati? Niandikie jina la kitu hicho kama lilivyo kwenye chupa au pakiti, herufi kwa herufi, hata kama huelewi kilichoandikwa. Sikugombezi. Nataka jina tu.

Nakungoja,
Zornitsa


Kosharnik, 11 Desemba 2022

Binti yangu,

Nakusalimu, nikitumaini mafua yale hayakukufika, maana nasikia huko wanakohoa mji mzima. Sisi huku hatujambo, tumeshachinja nguruwe, soseji zako nimezitundika upande wa dirisha na kila anayezitazama namwambia hizo zina mwenyewe Hispania.

Unauliza njia. Njia ni mtindi wa nyati, asali, mayai uliyoniambia mwenyewe, na vyuma. Nimerudi kwenye vyuma, Zorno. Unakumbuka ile sinema ya wachimbaji iliyofungwa? Kijana mmoja, Iskren, mwana wa jirani yetu Petrana, ameifanya jimu. Nilipoingia, vijana wote walikuwa wakijipiga picha. Nikawaonyesha jinsi ya kushika chuma. Sasa wananiita Profesa, na mimi sikumaliza hata shule ya ufundi.

Jumapili nilijifunga kengele. Nikainuka. Nikaruka mara tatu pale pale uani, mbuzi akakimbilia kwa jirani. Damu nimepima tena na ni nzuri.

Njoo Surva. Kama huna likizo, basi utalia mwenyewe kwa kukosa.

Baba yako


Kosharnik, 22 Januari 2023

Zornitsa, mboni ya jicho langu,

Salamu kutoka kwa mtu ambaye kiuno kinamuuma kwa raha. Natumaini u mzima, na uliupokea mwaka mpya vizuri. Nimechelewa kuandika kwa sababu siku kadhaa sikuweza kufunga vidole kushika kalamu.

Nilitangulia. Watu wa vijiji vinne walikuwa barabarani, moto umewashwa, na mimi mbele kabisa na kinyago cha manyoya, kengele zote za babu yangu kiunoni. Niliporuka, madirisha ya ofisi ya mtaa yalitetemeka. Blagoy ndiye aliyevaa gauni, maana kura ilimwangukia yeye, na kifua akatia mito miwili. Niliposimama kupumua alinijia, akanishika bega, akasema, "Lampi, nilidhani tumekupoteza." Akalia, wanja ukamtiririka mpaka shingoni. Siku hiyo sikuwa mgonjwa, mwanangu. Nilikuwa yule mtu wa zamani.

Sasa kwa kuwa yote yameisha salama, nakuambia siri yangu, uone kuwa baba yako si mjinga.

Iskren anauza matone. Ni chupa ndogo yenye kifuniko cha kunyonyea, unadondosha chini ya ulimi asubuhi, ni machungu kama petroli. Nilimweleza ugonjwa wangu wote na katazo lako. Akanionyesha kwenye kompyuta: hii si steroidi kabisa, haijajengwa kama steroidi, ni uvumbuzi mpya. Mwilini kuna vitu vinaitwa vipokezi, na matone haya yamefundishwa kwenda kugonga vipokezi vya misuli na mifupa tu, huko kwingine yanapita bila kubisha hodi. Akasema hata madaktari wakubwa waliyajaribu kwa wagonjwa wa saratani waliokonda. Mimi simwamini mtu hivi hivi, kwa hiyo nikapima mwenyewe kwa kipimo chetu cha kambini. Steroidi sisi tunaijua. Uso unavimba, mgongo unatoa chunusi, na mtu anagombana na mlango. Nilijitazama mwezi mzima. Uso ule ule, mgongo safi, na mlango nimeupisha kwa heshima. Nikajua ni safi.

Na hata hivyo nikawa mwangalifu. Kila nilipokaribia siku ya kupima damu niliacha matone wiki mbili, tatu, kama tulivyokuwa tukiacha vidonge kabla ya mashindano ili mkojo utoke mweupe. Ni mazoea tu, mkono unajifanyia wenyewe. Unaona matokeo? Daktari anatabasamu na kengele zinalia. Baba yako amewashinda wote wawili, daktari na Blagoy.

Soseji zinakuja kwa basi la Ijumaa.

Baba yako, bingwa


Valladolid, 31 Januari 2023

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Niliandika barua hii mara nyingi nikaichana, hii ndiyo iliyobaki.

Iskren hakukudanganya. Matone yale si steroidi. Yamejengwa kwa namna nyingine kabisa. Kosa ni langu pia, kwa sababu nilikukataza kwa neno moja, nawe ukalilinda neno hilo kama mwanamume.

Wewe uliendesha lifti ya mgodi miaka mingi, kwa hiyo nitakueleza kwa lifti. Uliniambia kuwa ulikaa juu kwenye mtambo, huoni chini. Ulisikia kengele tu. Aliye chini akivuta kamba mara mbili, unateremsha. Je, ulijua mkono uliovuta ni wa nani? Ungeweza kuwa wa msimamizi, wa mchimbaji, hata wa mwizi. Kengele ikilia, lifti inashuka. Kipokezi ni kamba hiyo, Baba. Homoni yako ya asili ni mkono mmoja. Vidonge vya waridi ni mkono wa pili, unaofanana na wa kwanza. Matone ya Iskren ni mkono wa tatu, haufanani na yote miwili, lakini unavuta kamba ile ile. Kwenye misuli ni kamba ile ile na kwenye tezi ni kamba ile ile. Waliotengeneza matone walitumaini yavute kwa nguvu kwenye misuli na kwa upole kwenye tezi. Kwa upole, Baba. Hawakusema hayavuti. Na hao wagonjwa waliojaribiwa, nani alikuambia walikuwa na ugonjwa kama wako? Sindano ya Daktari Mincheva iliondoa watu wote chini ya shimo ili kengele inyamaze. Wewe ukamteremsha mgeni.

Lakini si hilo linalonikosesha usingizi. Ni zile wiki mbili, tatu. Kule kambini kipimo kilikuwa cha kuwakamata. Hiki kilikuwa chako. Ulimwonyesha daktari damu ya mtu ambaye si wewe, na yeye akakupangia dawa kwa ajili ya mtu huyo.

Nenda kwake kesho. Mpelekee na chupa. Mwambie yote, na zile wiki umwambie.

Sikuchukii. Nakupenda.

Zornitsa


Kosharnik, 12 Machi 2023

Binti yangu,

Salamu. Natumaini hujambo. Mimi nipo.

Nilikwenda. Nilikaa kwenye kiti cha Daktari Mincheva nikaweka chupa mezani, nikasema kila kitu, na zile wiki pia. Nilitegemea anipigie kelele, nilikuwa nimejiandaa na mzaha wa kumjibu. Hakupiga kelele. Alivua miwani akauliza, "Bwana Haralampi, ulikuwa unamficha nani?" Mzaha wangu nikaurudisha mfukoni. Sikujua nilikuwa namficha nani. Hakuna aliyekuwa ananitafuta.

Alichukua damu siku ile ile, bila kunipa nafasi ya kujisafisha. Kisha picha za mifupa, mjini Sofia. Madoa ya saratani yapo kwenye nyonga na kwenye uti wa mgongo, pale pale mkanda wa kengele unapokaa. Ule uchungu wa raha niliokuandikia, kumbe haukuwa wa raha. Nilimuuliza kama ni matone. Akasema huenda ugonjwa ungeamka wenyewe, hakuna awezaye kuapa, ila damu ya kweli ingemwambia mapema, naye angewahi.

Nikarudi kwa Iskren. Nilikwenda nimekunja ngumi, Zorno, usidhani nilikwenda kama mtakatifu. Alikuwa anafagia. Nilipomwambia, akawa mweupe kama chokaa.

"Mjomba Lampi, uliniuliza kama ni steroidi. Nilikudanganya?"

"Hukunidanganya."

"Mimi mwenyewe nayatumia."

Nikaifungua ngumi. Nifanye nini na mtoto wa Petrana? Tulimwaga chupa zake zote kwenye bomba la maji machafu, yeye analia, mimi nashikilia mfuniko. Sijui kama hakuagiza nyingine.

Daktari ameanza dawa kali. Usije sasa, njoo kiangazi, niwe na nywele.

Baba yako


Valladolid, 20 Juni 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu tangu Machi na hujajibu hata moja. Petrana ameniambia kwa simu kuwa unatembea kwa fimbo na unaitukana fimbo. Hilo limenipa moyo. Niandikie mstari mmoja, hata wa matusi. Nimepata likizo ya wiki mbili Agosti. Nitakuja na dengu.

Zornitsa wako


Kosharnik, 15 Januari 2024

Zornitsa, mwanangu,

Salamu. Hujambo? Kazini wanakutendea vizuri? Tangu ulipoondoka Agosti sijakuandikia, na wewe umeandika kila wiki, nimezisoma zote, nyingine mara mbili. Nisamehe. Mtu aliyezoea kujisifu akikosa cha kujisifia, kalamu inakuwa nzito.

Jana ilikuwa Surva. Kengele aliniomba Blagoy, nikampa. Nilimfunga mkanda mwenyewe nikiwa kitandani, yeye amepiga magoti, maana anafunga kama mtu anayefunga gunia. Kundi zima lilikuja uani kwangu kabla ya kwenda kwingine. Petrana alinisogeza dirishani. Sikusikia kitu, masikio haya hayasikii tena hata kengele. Nikaweka kiganja kwenye kioo, kioo kikawa kinatetemeka, nikajua anaruka vizuri. Waliruka kwa muda mrefu, mpaka mvuke ukawa unawatoka mabegani. Blagoy alipoinua kinyago kunitazama nilimwonyesha kwa mkono kwamba magoti yake ni mabovu. Akanitukana, niliona mdomo. Hapo nilifurahi.

Sasa nina ombi, na nimeandika yote hayo ili nilifikie.

Daktari Mincheva anakuja kila Alhamisi. Ananiambia naendelea vizuri, nile supu. Kisha anatoka nje na Petrana, na kupitia dirisha hilo hilo naona Petrana anafunika mdomo. Nami najua daktari anakupigia wewe simu, kwa sababu ndivyo wanavyofanya huku, mgonjwa anapewa supu na watu wake wanapewa ukweli. Nilimwambia daktari aniambie mimi. Akanirekebishia mto.

Nilimletea damu ya uongo, na sasa yeye ananiletea maneno ya uongo. Simlaumu. Lakini wewe hukuwahi kunidanganya, hata ulipokuwa mtoto na umevunja kitu ulikuja nacho mkononi. Niambie ni muda gani. Andika tu. Nitasoma nikiwa nimekaa.

Ni mimi baba yako,
Haralampi


Valladolid, 24 Januari 2024

Baba,

Umeniuliza kitu kimoja, nakijibu kabla ya salamu.

Daktari Mincheva anahesabu mpaka cheri zichanue, mwezi wa nne. Anadhani hutaziona zikiiva. Alinipigia Alhamisi, wiki mbili zilizopita, na tangu siku hiyo nilikuwa natafuta namna ya kukuandikia, na nilikuwa naandika habari za hali ya hewa.

Maumivu yana dawa, na dawa hizo nazijua vizuri kuliko kitu chochote duniani. Hutaumia nikiwepo. Hilo naweza kukuahidi, mengine siwezi.

Shikamoo, Baba. Mimi ni mzima. Dukani nimeaga. Nimekata tiketi ya kwenda tu. Barua hii itakufikia kabla yangu kwa siku moja au mbili, kwa hiyo usihangaike kujibu. Mwambie Petrana asifunge mlango wa jikoni.

Zornitsa